Vita vya Dakika 38: Unguja, 27 Agosti 1896



Vita hivi wengi wetu hapa Maskati tunavijua kwa sifa moja tu: ufupi wake. Watu hucheka. Mimi si mwanahistoria, nasoma uhandisi, lakini naona tunacheka pasipo kuuliza swali lenyewe: hivi utawala wa kikoloni Unguja ulianza siku ile?

Jibu langu ni hapana. Siku ile ulipigwa muhuri tu. Tufuate hatua zake.

Kwanza, 1856 alifariki Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja pamoja. Wanawe wakagombana. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, akakata shauri: Thuwaini abaki Maskati, Majid Unguja, na Unguja ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Angalieni hapo: ugomvi wa ndugu umeamuliwa na mtu wa tatu.

Pili, 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tatu, mwaka uliofuata serikali na hazina zikawa mikononi mwa Lloyd Mathews, Muingereza. Basi mfalme alibakiwa na nini? Kiti, bendera na askari wake.

Tarehe 25 Agosti 1896 akafariki Seyyid Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila kungoja ruhusa ya balozi wa Uingereza. Waingereza walimtaka Hamoud bin Muhammed. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Hakushusha.

Sasa tutazame kihandisi. Jumba lilikuwa ukingoni mwa bahari, sehemu kubwa ni mbao. Mbele yake meli tano za kivita. Khalid alikuwa na watu wapatao 2,800, mizinga michache, na meli moja, Glasgow, aliyoiagiza baba yake baada ya kimbunga cha 1872 kuvunja meli zake. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Zilipigwa risasi za mizinga kama 500. Glasgow ikazama, jumba likawaka moto. Upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa watu kama 500, wakiwemo watumishi na watumwa wa jumba. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Siku hiyohiyo Hamoud akatawazwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1897 Hamoud akatia saini amri ya kufuta utumwa kisheria. Tuwe wakweli: amri yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini aliyeisaini asingeweza kukataa, na hilo ndilo walilolipata Waingereza kwa dakika 38.

Wenzangu, kesho ni sisi tutakaokaa mezani kwenye mikataba ya bandari, umeme na barabara za kwetu. Mzinga huja mwisho. Kalamu hutangulia, na hazina hufuata. Anayengoja mlio wa mzinga ndipo ashtuke, amechelewa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kati ya 1861, 1890 na 1891, ni wapi ingewezekana kukataa?
2. Je, Khalid alikosea kutoshusha bendera?
3. Nani aliulizwa rai yake katika hatua zote hizi, na nani hakuulizwa?