Kabla Hujamuuzia Mteja Marumaru za Kibaraza, Muulize Mvua Inafika Wapi

Leo naongea na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hasa sisi wadogo tunaouza boksi tano, boksi kumi. Somo hili nimelilipia mwenyewe, kwa hiyo sitazunguka.

Masika ya mwaka juzi alikuja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Anamalizia nyumba, anataka marumaru za kibaraza cha mbele. Nikampeleka moja kwa moja kwenye zile nyeupe zinazong'aa, 60 kwa 60, ambazo mzigo wake ulikuwa umenikalia dukani. "Mama, hizi ukiweka mlangoni nyumba yote inabadilika." Akanunua. Sikumuuliza hata swali moja. Kumbe kibaraza chake kimeezekwa nusu tu, mvua ikija na upepo inapiga hadi mlangoni. Hata mwezi haukuisha, mama yake mzazi akatoka asubuhi na ndala zake, akateleza, akavunjika nyonga.

Alipokuja dukani hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, si ungeniambia." Bora angenitukana. Nilimpa boksi sita za aina nyingine bila kulipa, fundi akamlipa yeye. Yule bibi mpaka leo anatembelea mkongojo.

Basi siku hizi mteja akitaja kibaraza, sionyeshi kitu kwanza. Nauliza: paa linafunika chote? Kuna ngazi? Nani anakaa pale, kuna mzee, kuna watoto? Maji ya kudekia yanatokea wapi? Ni dakika mbili tu.

Halafu ndo naangalia boksi. Nyingi zina herufi R yenye namba, kuanzia R9 mpaka R13. Hiyo inahusu utelezi. Namba ikiwa kubwa, mguu unashika zaidi. R9 ni ya ndani, pakavu. Kibaraza chenye paa zima nauza R10. Ngazi na sehemu inayonyeshewa, sishuki chini ya R11. Ila ujue namba hiyo hupimwa kwa mtu aliyevaa viatu, anatembea juu ya sakafu yenye mafuta huku inainuliwa taratibu. Mguu mtupu wenye povu la sabuni ni habari nyingine. Ndo maana naweka kopo la maji kaunta. Namwaga kwenye marumaru, namwambia mteja apitishe ndala yake palepale. Hapo huhitaji maneno mengi.

Na usichanganye R na PEI. PEI, 1 mpaka 5, inasema uso utachakaa haraka kiasi gani kwa kukanyagwa. Mlangoni watu wanaingia na mchanga kwenye viatu, kwa hiyo 4 ni nzuri. Lakini marumaru ya PEI 4 inaweza kuteleza kama mlenda! Wauzaji wengi wanamwambia mteja "hii ni namba nne, ngumu", wanadhani wamemaliza.

Pia geuza mgongo. Dondoshea tone la maji. Likinywewa haraka, hiyo ni ya ndani au ya ukutani. Posileni halisi tone linakaa juu, na boksi lake huwa limeandikwa BIa, maana yake inanyonya maji asilimia 0.5 au chini ya hapo. Ukiona BIII, hiyo inanyonya zaidi ya asilimia 10, usiipeleke kwenye mvua.

Uwe mkweli kwenye upande wa pili pia. Zenye mikwaruzo mikubwa zinashika tope, mteja atakulaumu kwamba hazitakati. Mimi napendekeza zisizong'aa, zenye ukwaruzo wa wastani, rangi ya udongo au kijivu, na grauti ya kijivu iliyokolea. Nyeupe mlangoni kwenye mtaa wa vumbi ni adhabu kwa anayedeki.

Hesabu mfanyie hapohapo. Kibaraza cha mita 4 kwa 1.8 ni mita za mraba 7.2. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 7.92. Boksi la 60 kwa 60 lenye vipande vinne lina mita 1.44, kwa hiyo boksi 6. Hakikisha zote zina namba moja ya toleo na rangi, kwa sababu boksi la mzigo mwingine linaweza kupishana rangi kidogo, na nje kwenye jua hiyo tofauti inaonekana. Vipande vinavyobaki aviweke stoo.

Fundi naye umwambie mambo mawili hata kama hapendi kufundishwa: mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea nje, na gundi ijae chini ya kipande chote, siyo madonge kwenye pembe. Akimaliza na zikikauka, mteja agonge kwa funguo. Panaposikika uwazi ndipo patakapopasuka.

Zile nyeupe zilizobaki nimeziuza taratibu, za sebuleni tu. Aliyetaka kuzipeleka kibarazani nilimkatalia, akaenda duka la jirani.