Dondoo muhimu: Kabla ya kununua multimita Kariakoo

Multimita ndogo ya manjano, DT-830, imezagaa kwenye meza za Kariakoo, na kwa fundi redio anayepima betri na saketi za volti chache inatosha. Hatari huanza inapopelekwa kwenye soketi ya TANESCO. Nyingi hazina fyuzi kwenye tundu la ampea 10. Waya ukisahaulika humo, volti 230 hazina kizuizi.

Ndiyo maana usalama utangulie wingi wa vipimo. Fundi atafute maandishi ya daraja la usalama, CAT III 600V, karibu na matundu, kisha aombe kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Alama hiyo yeyote anaweza kuichapisha, lakini fyuzi huonekana kwa macho: iliyo bora ni ya kauri, ndefu na nene, wala si kijibomba chembamba cha kioo.

Anayetengeneza inveta za sola achague multimita yenye alama ya True RMS. Mita za kawaida hupiga hesabu kwa kudhani wimbi ni laini kama la gridi, hivyo hukosea kwenye inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi.

Papo hapo dukani, ncha zikigusanishwa kwenye kipimo cha omu, mita isome chini ya omu 1 na tarakimu zisirukeruke waya zikitikiswa. Mlio wa mwendelezo uitike mara moja. Fundi simu huutegemea kutwa nzima.

Mita ya chapa ghali ya Fluke kwa bei ya DT-830? Hiyo ni bandia. Risiti ya EFD idaiwe, ikiwa na jina la modeli.