Msitu wa Jozani

Katika kisiwa cha Unguja, kusini-mashariki ya mji mkongwe wa nyumba za mawe, uko msitu uitwao Jozani. Kutoka mjini ni mwendo wa kilometa 35 hivi, na basi liendalo Makunduchi hupita karibu na lango lake.

Njia za msituni ni tambarare, hata mtoto aweza kuzitembea bila kuchoka. Mitondoo mikubwa imetanda juu, na wakati wa masika ardhi hujaa maji. Si mbali na hapo pana daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko. Mizizi yake imesimama topeni kama miguu mingi, nayo huzuia udongo usichukuliwe na bahari.

Humo hukaa kima punju, mwenye mgongo mwekundu. Chakula chake ni majani machanga; tena pengine hula makaa, na wataalamu hudhani kuwa makaa humkinga na sumu ya majani.

Lakini barabara iletayo wageni ilimwua pia. Magari yalipita mbio, na kima wengi wakagongwa. Ndipo yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Mwaka 2004 msitu ulifanywa hifadhi ya taifa.

Basi atembeaye humo na aende polepole, asimlishe mnyama wala asimguse. Maana asili ya kima huyu ni Unguja peke yake.

Maswali
1. Mizizi ya mikoko ina faida gani?
2. Kwa nini matuta yaliwekwa barabarani?