Gari linazima kwenye foleni na mzigo wa mchicha uko nyuma: lipime likiwa bado la moto

Leo tunaacha mbegu na mbolea kidogo, tuongelee kirikuu. Mchicha uliovunwa vizuri Chamazi ukikwama saa mbili juani pale Rangi Tatu, unafika soko la Stereo umelala, na mnunuzi anakupangia bei yeye.

Kijana mmoja ninayemtembelea alipata shida hiyo Februari, joto likiwa limepanda. Asubuhi gari linawaka vizuri. Likifika kwenye foleni ya Kilwa Road, akiachia mafuta tu, linazima. Akisubiri nusu saa linawaka kama halijawahi kuumwa. Alibadilisha plagi. Bado. Akanunua pampu ya mafuta. Bado. Kila mara alipeleka gari gereji likiwa limepoa, na fundi hakuona kitu, kwa hiyo akabaki kubahatisha.

Wewe hupulizi dawa kabla ya kugeuza jani na kumwona mdudu. Gari nalo ni hivyohivyo: usinunue kifaa kabla hujaliona kosa likitokea. Na kosa la joto linaonekana gari likiwa la moto.

Kwa nini joto, na kwa nini likiwa limesimama?

Ule mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, mafundi wanauita sailensi. Hapo injini inapata hewa kidogo sana, kupitia upenyo mdogo kwenye throto. Upenyo ukijaa masizi, injini inakosa pumzi. Pia gari limesimama, hakuna upepo wa kulipoza, na kirikuu nyingi injini iko chini ya viti, joto linajifungia humo. Koili au sensa iliyochoka inaweza kufanya kazi ikiwa ya baridi, ikigoma ikishapata moto.

Hatua za kufuata

1. Andika. Limezima baada ya dakika ngapi? Geji ya joto ilikuwa wapi? Lilizima pale feni ilipoanza kuzunguka au ulipowasha taa? Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi? Fundi akipata majibu haya, nusu ya kazi imeisha.

2. Angalia joto kwanza. Kama geji imepanda, shida inaweza kuwa feni, maji au rejeta. Zima, subiri lipoe. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto hata siku moja, maji yale yanaunguza vibaya.

3. Kanyaga mafuta kidogo. Likianza kutetemeka, kanyaga taratibu. Likitulia na kuendelea kunguruma, mtuhumiwa wa kwanza ni hewa: throto chafu au valvu ya sailensi. Likizima hata ukiwa umekanyaga, shuku moto wa plagi au mafuta, nenda hatua ya 5.

4. Tafuta hewa inayovuja. Mipira ya hewa inapasuka kwa joto. Sikiliza mlio wa "sss". Chukua bomba dogo la mkono ambalo halijawahi kuwekwa dawa, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya mipira injini ikiwaka. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Usilowanishe koili wala waya za plagi, na usitumie petroli badala ya maji.

5. Likizima, pima hapohapo, usisubiri lipoe. Fundi aangalie mambo mawili: plagi inatoa cheche? Mafuta yanafika kwa presha? Cheche hakuna: koili, distribyuta kwa gari za zamani, au sensa ya krenki. Cheche ipo ila presha hakuna: pampu, filta, au waya zake. Kazi hii mwachie fundi. Petroli na cheche havikai pamoja.

Kama gari lako ni la injeksheni, lisomwe pia kwa mashine. Lakini mashine inakuonyesha pa kuanzia tu. Ikisema sensa, kagua waya na soketi yake kabla ya kununua nyingine.

Yule kijana iliishaje?

Nilimwambia aende na fundi barabarani mchana, gari likiwa na mzigo. Lilipoanza kutetemeka, fundi akamwambia akanyage kidogo. Likatulia. Wakafungua throto: masizi meusi, na filta ya hewa imejaa vumbi la shamba. Wakaisafisha kwa dawa yake, injini ikiwa imepoa, wakaweka filta mpya. Pampu ya zamani haikuwa na tatizo lolote. Pesa yake ingetosha mbegu za msimu.

Kwa throto ya umeme, usisukume kibamba chake kwa kidole. Mpe fundi anayeijua.

Wakati unahangaika na gari

Okoa mzigo. Egesha kivulini, fungua turubai pembeni hewa ipite, funika mboga kwa magunia yaliyoloweshwa maji safi. Na zoea kupakia alfajiri, kabla jua na foleni havijakutana.

Kazi ya wiki hii: fungua filta ya hewa ya gari lako uitazame. Tunaoendesha barabara za vumbi, inajaa mapema kuliko tunavyodhani.