Sufuria Iliyozaa na Mtoto Asiyekua: Mabishano ya Hadhira Kuhusu Mwendelezo wa Visa katika Katuni za Kuchekesha

1.0 Utangulizi

Ndugu msomaji, yamkini umewahi kuketi karibu na watoto wanaotazama katuni ukawasikia wakibishana juu ya jambo dogo: shati lililobadilika rangi, mhusika aliyekuwa na ndugu wawili na sasa ana mmoja. Aghalabu watu wazima huyapuuza mabishano hayo. Nilipoligusia suala hili mbele ya wanafunzi wenzangu wa uzamili, mmoja aliniuliza waziwazi: hayo ni mambo ya watoto, fasihi i wapi hapo? Makala haya yananuia kumjibu. Hoja yangu ni kwamba mabishano hayo ni uhakiki, tena uhakiki wenye kanuni.

Nilichochewa na mpwa wangu wa miaka tisa huko Kapsokwony, chini ya Mlima Elgon. Alipokuwa mdogo alipenda sana Akili and Me, katuni inayotayarishwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Mhusika mkuu, Akili, ni mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila anapolala huingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, ambako hujifunza pamoja na marafiki zake wanyama. Likizo iliyopita mpwa wangu aliwakuta wadogo zake wakiitazama kwenye simu, akaniuliza: “Mjomba, mbona Akili bado ana miaka minne? Si tulikuwa sawa?” Mdogo wake alidakia kwamba Akili hulala sana, na miaka ya ndotoni haihesabiwi. Mwingine akapinga: mbona sisi hulala kila siku na tunakua? Ubishi ukashika moto hadi chai ikapoa.

2.0 Kosa ni la Namna Gani?

Suala la makosa madogo katika kazi ya sanaa ni la kale. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alitofautisha kosa linalogusa sanaa yenyewe na kosa la kando. Kwake, mchoraji asiyejua kwamba paa jike hana pembe amekosea kidogo kuliko yule anayemchora paa asiyetambulika.

Hata hivyo, wasomaji hawajaacha kuzihesabu pembe hizo. Arthur Conan Doyle alimpa Daktari Watson jeraha la risasi begani katika A Study in Scarlet ya 1887, kisha katika The Sign of Four ya 1890 jeraha likawa mguuni. Wapenzi wa Sherlock Holmes wamelijadili jeraha hilo kwa vizazi. Wapo waliosema ni risasi mbili, na wapo waliotafuta namna ambavyo risasi moja ingepita pote pawili. Ikumbukwe kwamba hawakutaka kumwaibisha mwandishi. Walitaka ulimwengu wa hadithi usimame.

3.0 Kanuni ya Sufuria

Kwa msomaji wa Kiswahili, mfano bora zaidi upo nyumbani. Sote twaijua hekaya ya Abunuwasi aliyeazima sufuria kwa jirani na kuirudisha pamoja na kisufuria kidogo, akidai kwamba imezaa. Jirani alifurahi, akakipokea. Baadaye Abunuwasi aliazima tena, na safari hii akaleta habari za msiba: sufuria imekufa. Jirani alipokataa aliulizwa: uliamini imezaa, huamini imekufa?

Hekaya hii, ambayo kwingineko husimuliwa kumhusu Juha au Nasreddin, ina fundisho la kinadharia. Hadhira haidai kwamba sufuria za kweli huzaa. Inachodai ni kwamba aliyeikubali kanuni leo asiikane kesho. Uthabiti wa kisa cha kuchekesha haupimwi kwa ulimwengu wa nje, bali kwa masharti ambayo kisa chenyewe kimejiwekea.

Hali kadhalika, vichekesho vina ruhusa ya kusahau. Abunuwasi huwalaghai watu wa mji mmoja katika hekaya nyingi. Lau wangekumbuka ya jana, nani angemwazima tena chombo? Kila hekaya huanza upya. Kwa hiyo hadhira hubeba kumbukumbu ambayo wahusika hawana, na sehemu ya kicheko hutokana na tofauti hiyo.

4.0 Glavu za Strong Bad

Katuni za intaneti zimeikuza tabia hii. Mfano maarufu ni Homestar Runner, iliyobuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Mike na Matt Chapman. Kuanzia 2001 mhusika wake mmoja, Strong Bad, alikuwa akijibu barua pepe za watazamaji. Ajabu ni kwamba huvaa glavu za ndondi daima, na bado hupiga chapa kwenye kompyuta. Homestar mwenyewe haonekani kuwa na mikono, lakini hushika vitu. Watazamaji waliuliza anachapaje, na swali likageuka kuwa sehemu ya mzaha. Mashabiki wamekusanya kamusi elezo nzima ya mambo madogo ya katuni hiyo.

Hapa ukinzani si kosa, kwa kuwa umerudiwa mpaka ukawa kanuni. Kama siku moja Strong Bad angeshindwa kuchapa kwa sababu ya glavu, bila maelezo, hapo ndipo mashabiki wangekuwa na haki ya kulalamika. Sufuria iliyozaa ingekuwa imekataa kufa.

5.0 Fisi Aliyehama

Tabia hii haikuletwa na intaneti. Nyanya yangu alitusimulia ngano za Fisi aliyeishi katika pango la mlimani, na tulimsahihisha kila alipokosea idadi ya watoto wa Fisi. Kati ya 2006 na 2008, mapigano yaliyochochewa na mgogoro wa ardhi ya Chepyuk yaliwafurusha maelfu ya watu wa Mlima Elgon. Sisi tulikwenda kwa jamaa upande wa Kitale. Usiku mmoja huko nyanya alianza ngano ile ile, lakini Fisi akawa anaishi kando ya shamba la mahindi. Tulipaza sauti sote: Fisi anakaa pangoni! Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Naye alihama, wajukuu wangu. Lakini pango bado ni lake.” Akaendelea.

Kwa jibu hilo fanani aliugeuza ukinzani kuwa kisa. Nasi hatukuwa tukibishana juu ya fisi tu. Pango lilikuwa kitu kimojawapo tulichokijua kwa hakika wakati ule, na hatukutaka libadilishwe bila kuulizwa.

6.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, napendekeza maswali matatu kwa mhakiki anayekutana na ukinzani katika kazi ya kuchekesha. Je, kazi yenyewe imeweka kanuni gani? Je, ukinzani unavunja kicheko au unakilisha? Na je, hadhira itapoteza nini jambo hilo likiachwa lipite?

Tukirejea kwa Akili, umri wake si kosa. Katuni ile imekusudiwa watoto wadogo, na kila mwaka hupata watoto wapya wa miaka minne wanaohitaji rafiki wa rika lao. Kanuni haikuvunjwa, aliyebadilika ni mtazamaji. Nilimweleza mpwa wangu hivyo. Alifikiri, akasema: “Kwa hiyo mimi ndiye nimemwacha.” Sikuwa na la kuongeza.

Natoa wito kwa wanachama wenzangu: mnapokwenda nyumbani likizoni, sikilizeni mabishano hayo na myaandike. Aliyeniuliza fasihi i wapi ataipata humo.