Gasketi Ikivuja, Usikimbilie Nyundo

Boda boda nyingi za Chakol, Busia na Malaba huvuja oili kwenye kifuniko cha klachi. Gasketi ni ya bei ndogo. Lakini bolti ikikatikia ndani ya injini, itabidi itobolewe na fundi, na pikipiki haileti kitu nyumbani.

Fanyeni hivi:

1. Injini ipoe. Mwageni oili kwenye mtungi, si shambani wala mtoni.

2. Bolti yenye kutu ipakeni oili nyepesi, ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi igongeni kichwani polepole. Tumieni spana ya ringi, mara nyingi namba 8. Ikigoma, ikazeni kidogo kwanza, halafu fungueni. Moto msilete karibu na petroli.

3. Chomekeni bolti kwenye katoni kwa mpangilio wake, urefu hutofautiana.

4. Kwangueni gasketi ya zamani bila kukwaruza alumini.

5. Wekeni mpya. Kazeni bolti zinazotazamana, kidogo kidogo, bila nguvu nyingi: alumini ni laini.

6. Tieni oili, washeni, mtazame.

Swali la kujadili: Je, kikundi chetu kinaweza kununua spana za pamoja? Nani atazitunza?