Kauli ya Kutendua: Umbo au Maana?

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kauli ya kutendua haitawaliwi na umbo pekee, bali na maana. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja, *undo*, kwa fundo, kwa mshono na kwa uamuzi. Kiswahili humtaka msemaji azingatie tendo lililotangulia: fundo hufunguliwa, mshono hufumuliwa, uamuzi hutenguliwa.

Kimofolojia, kiambishi -u- hupachikwa kwenye mzizi: funga/fungua, kunja/kunjua. Irabu ya mzizi ikiwa o, hutumika -o-: choma/chomoa. Baadhi ya vitenzi hudondosha -ik-: funika/funua, anika/anua.

Kwa mzungumzaji wa Kikamba, jambo hili si geni. Vinga ni kufunga. Vingũa ni kufungua. Mwalimu wa Kitui au Makueni anayeipiga marufuku lugha ya mama darasani humnyima mwanafunzi mfano ambao tayari anao kinywani.

Hata hivyo, nimewahi kusahihisha madaftari yenye maumbo kama *pikua na *somoa. Kanuni imefuatwa, lakini maneno hayapo. Kwa nini?

Tutazame mito ya msimu kama Tiva na Thwake wakati wa kiangazi. Mafuriko yamefukia maji chini ya mchanga. Wanawake huufukua wapate kuyateka. Kisima hufunikwa kwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie, kesho yake kikafunuliwa. Mitungi hupakiwa juu ya punda na kupakuliwa nyumbani. Kila tendo hapa limeacha hali inayoweza kuondolewa. Chakula kilichopikwa, kinyume chake, hakirudi kuwa kibichi, wala kilichosomwa hakiondolewi kwa kitendo cha pili.

Ushahidi bora zaidi ni kitenzi choma. Mwiba ukikuchoma mguu, huchomolewa. Nyama ikichomwa, hakuna awezaye kuichomoa irudi mbichi. Umbo ni lile lile. Maana moja inakubali kutenduliwa, nyingine inakataa.

Mwanafunzi mwenzangu atahadhari na mambo mawili. Kwanza, si kila kitenzi kinachoishia kwa -ua ni cha kutendua: chukua na nunua havitendui chochote. Pili, kutendua si kukanusha. "Hakufunga mlango" haina maana ya "alifungua mlango", kwani huenda mlango haujaguswa kabisa. Anayefungua hukuta kilichofungwa.

Kwa hiyo, kabla ya kunyambua, tujiulize: je, matokeo ya tendo hili yanaweza kuondolewa? Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na sarufi inawaunga mkono: tuna mwaga, lakini hatuna *mwagua. Tukilifunza somo hili kwa kukaririsha viambishi tu, tutaendelea kusahihisha *pikua mwaka hadi mwaka.